Ulimi wa Dohani

9 Februari

Kaka,

Salamu zikukute umekaa, ingawa nakujua, wewe hata homa huipokea umesimama. Mimi ni mzima. Cherehani nayo ni nzima baada ya kubadilishiwa mkanda. Paka amezaa tena chini ya meza ya kukatia nguo, na wateja wakija kupimwa wanaanza na paka, vipimo baadaye. Mama anakusalimu. Anauliza kama bado unakula huku unafunga kamba za viatu.

Sasa nije kwenye kilichonikalisha kuandika. Kikohozi cha Mama hakijaondoka tangu baridi ya mwaka jana. Daktari alikuja nyumbani, akasimama sebuleni, akatazama meko ya ukutani na ukuta ulivyokuwa mweusi mpaka darini. Akamwambia Mama kwamba yeye na moshi hawawezi kukaa nyumba moja mwaka mwingine, mmoja ahame kabla baridi ya Juni haijakaza. Mama akajibu kwamba yeye ndiye aliyetangulia, ana cheti cha ndoa. Daktari hakucheka.

Mama Mdogo ameshapata habari. Sijui nani alimwambia. Katika ukoo wetu habari hazihitaji miguu. Ameandika kwamba chumba kiko tayari kwake, huko kwenye joto. Unawajua hao wawili. Siku ya kwanza wanalia kwa furaha, ya pili wanagombania mto. Mama anasema afadhali kaburi, kule angalau hakuna wa kumchagulia godoro. Anasema kwa mzaha, lakini usiku wa ile barua hakula.

Nimenunua jiko la kuni, la chuma, lenye mlango wa kioo. Lilikuwa kwenye nyumba ya wageni inayobomolewa. Wanaume wanne walilibeba mpaka ndani, wakaondoka bila kuaga kwa uchovu. Liko sebuleni, nimelifunika shuka, na Mama kila asubuhi anauliza kama mgeni amelala vizuri. Linatakiwa kuingizwa kwenye dohani ya zamani, moshi upandie humo. Wewe umetumia maisha yako kuwawekea watu majiko kama haya. Njoo utuwekee na sisi. Wiki moja tu.

Simu ya dukani siipigi. Pale ukisema "Mama anakohoa," kabla hujarudisha mkono wa simu watu wameshaanza kuja kutoa pole.

Nakungoja.

Dada yako

*

6 Machi

Dada yangu,

Barua yako imekaa kwangu kabla sijaijibu, usininunie. Mimi sijambo. Mvua huku hazina adabu, zinanyesha hata kwenye jua. Mpe Mama pole ya kikohozi na umwambie kwamba siku hizi nakula nimekaa, tena kwenye kiti chenye mgongo. Mama Mdogo msimjibu haraka.

Kuja sitaweza. Kazi zimebana. Nisikilize lakini, kwa sababu hili jambo watu huliharibu kwa kudhani ni rahisi.

Usikubali mtu achomeke bomba fupi la jiko kwenye meko na kusema kazi imekwisha. Dohani ile ilijengwa kwa moto wa wazi, ni pana mno. Jiko la chuma linatoa moshi kidogo na wa taratibu. Ukifika kwenye upana ule unapoa, unakosa nguvu ya kupanda, unaganda ukutani mweusi kama lami. Lami hiyo siku moja inashika moto. Na isiposhika moto, moshi unarudi chini na kupenya kila ufa. Ndani ya dohani lazima lishushwe bomba lingine kutoka juu mpaka kwenye jiko, la chuma cha pua, la aina inayopindika. Matofali ya nje yanabaki kuwa koti tu.

Kwanza dohani isafishwe yote. Pili ijaribiwe: ziba juu kwa gunia lililolowa, choma majani mabichi chini, halafu zunguka nyumba nzima, hata vyumba vya juu, utazame moshi unatokea wapi. Panapotoka pazibwe. Tatu ipimwe urefu na upana, nijue ni bomba gani. Nitalitafuta huku, yako mengi.

Tafuta fundi wa huko. Awe mtu wa kazi, si wa maneno. Niandikie anavyosema nami nitamwelekeza.

Kaka yako

*

20 Machi

Kaka wa posta,

Huku tumeamka wote. Mama anakohoa asubuhi na jioni. Mchana anapumzika ili apate nguvu za jioni. Mimi nina magauni ya harusi ya watu mpaka shingoni, na bibi harusi mwenyewe anazidi kunenepa kwa furaha, kila akija nafumua. Watoto wa paka wamefumbua macho.

Umesema kazi zimebana. Sawa. Fundi wa dohani za dunia nzima, ya mama yake anaijenga kwa stempu. Nimeshasema, sitarudia.

Fundi amepatikana. Si wa maneno. Dohani imesafishwa kwa fagio la vijiti lililofungwa kamba na jiwe. Zimetoka ndoo na ndoo za masizi, kiota cha ndege, na nusu ya kiatu ambacho katika nyumba hii hakuna anayekikubali. Moshi wa majani ulitokea mahali pamoja tu, chumba cha juu nyuma ya kabati. Ufa umezibwa. Kupima, fundi alishusha mkasi kwa uzi kutoka juu mpaka ukagota, akaupima uzi kwa futi. Vipimo viko nyuma ya karatasi hii. Fundi anauliza kama ni sawa kulipitisha bomba kama lastiki kwenye kiuno cha sketi, yaani kufunga kitu ncha ya mbele, mmoja anasukuma na mwingine anavuta. Anauliza pia lile bamba la kwenye koo la dohani lifanywe nini, lile la kuvuta kama droo, ulimi.

Mwandiko wako umelala mno, nimekusoma nimepinda shingo. Kama kuna mtu anakuandikia, mwambie tunamsalimu. Kama ni mwanamke, tunamsalimu zaidi. Mama aliomba barua aishike mwenyewe. Akaitazama muda bila miwani, akanirudishia, akasema wino ni mzuri.

Dada yako

*

14 Aprili

Dada yangu,

Nimefurahi kusikia mko salama. Hakuna mwanamke, kalamu ndiyo mbovu. Hongera ya magauni. Watoto wa paka usiwape watu kabla hawajajua kujisafisha.

Bomba nimelituma kwa basi, dereva ni mtu ninayemwamini. Limekunjwa kama kamba kubwa. Mkilifungua taratibu litatii, mkilifanyia haraka litawacharaza. Pamoja nalo kuna kofia ya juu yenye wavu wa kuzuia ndege, bamba la kuzibia chini, na kamba isiyoungua ya kuziba nafasi.

Fundi wako ananichekesha. Sijawahi kuona mtu akishusha mkasi kwenye dohani. Anaongea kama mshonaji, lakini vipimo vyake havina kosa, na hilo ndilo linalotakiwa. Mwambie mambo haya.

Toa ulimi kabla ya kitu kingine chochote. Bila hivyo msiguse bomba.

Ubavuni mwa bomba kuna mshale. Uelekee juu.

Ndiyo, ni kama lastiki. Anayevuta awe chini, anayelisha awe juu. Wasipokezane kwa nguvu. Likikwama, rudisha, zungusha kidogo, jaribu tena.

Juu asipande mtu mmoja. Ngazi ifungwe, isishikwe tu kwa mikono. Paa likiwa na umande, asipande mtu kabisa, hata kama jua limeshatoka. Asubiri. Mwambie fundi kwamba hili nimelisema mara mbili.

Juu asiikate sehemu iliyozidi mpaka moto wa kwanza, ule mdogo wa kuunguza rangi ya chuma taratibu, upite.

Kaka yako

*

2 Mei

Kaka,

Habari za huko? Za hapa ni njema kuliko zilivyokuwa. Bibi harusi ameolewa na gauni halikupasuka, nilikuwa kanisani nahesabu pumzi zake. Mama ana siku nzuri, amepanga upya picha za ukutani ili mgeni apate nafasi.

Bomba limeingia. Ilikuwa kazi. Lilifika koo la dohani likakataa. Fundi akarudisha, akazungusha, akajaribu, likakataa. Alipolisukuma kwa ubavu likapita kwa ghafla, kwa sauti ambayo Mama alisema ni ya mtu mnene kwenye kiti cha basi. Chini limeunganishwa na jiko na kuzibwa kwa kamba ile. Juu limezidi zaidi ya urefu wa mtu, halijakatwa. Fundi anasema hata usingemwambia asingekata, pindo haliachwi fupi kwa kitu ambacho hakijavaliwa. Linachungulia juu ya paa na kofia yake, majirani wanauliza kama tumeweka redio ya serikali.

Mikono ya fundi imechubuka, lakini amefurahi sana. Kesho tunawasha moto mdogo, kama ulivyofundisha, rangi ya chuma iungue taratibu. Mama ameamua kuvaa gauni la kutokea.

Nina furaha, Kaka. Naiandika maana mara nyingine hukaa nayo mpaka ikachacha.

Dada yako

*

11 Mei

Kaka,

Sijangoja jibu lako. Mama yuko hai na anakula, nianze na hilo.

Moto wa kwanza ulikuwa mzuri na wa pili pia. Jiko lilivuta, kioo kikabaki safi, Mama akakaa mbele yake akitoa maoni. Siku ya tatu tukaongeza kuni. Mchana nilikuwa kwenye cherehani chumba cha pili, naye sebuleni. Kichwa kikaanza kunigonga, nikadhani ni miwani. Nikamwita Mama kuhusu chai, hakuitika. Nikaita tena. Nilimkuta kichwa kimelala kifuani, mdomo wazi, ngozi ina wekundu usio wake. Moshi haukuonekana. Chumba kilikuwa safi kuliko siku zote, ila juu ya meko palikuwa na mstari mweusi mwembamba ambao asubuhi haukuwepo.

Nilifungua mlango, nikaburuta kiti na Mama ndani yake mpaka uani. Sijui nguvu zilitoka wapi. Alipofungua macho akajiona nje, juu ya kiti chake, akaniuliza, "Mmeshaanza kunihamisha?"

Daktari amesema ilikuwa ile hewa ya sumu isiyo na harufu. Moto usiwashwe tena humu, na bila moto Mama hawezi kuvuka Juni. Mama Mdogo ameandikiwa. Atakuja kumchukua katikati ya Juni. Mama anatazama ukuta tu, hata utani ameacha.

Nimetazama ndani kwa tochi. Bomba limepasuka ubavuni, pale pale kwenye koo, bamba la ulimi limeling'ata. Uliandika tutoe ulimi. Tuliutoa! Tuliuvuta mpaka mwisho, mpaka ukagoma, kama siku zote. Tulifanya kila kitu ulichosema. Ungekuwa hapa ungeona kwa jicho moja kitu ambacho barua zako mbili hazikukiona. Kazi zimebana. Kazi za nani, Kaka? Mama wa nani huyo anayekungojea?

Dada yako

*

19 Mei

Dada yangu,

Nimeipata barua yako asubuhi, naijibu kabla ya chakula. Mungu ashukuriwe kwa kiti kile na kwa mikono yako.

Nimeisoma mara nyingi. Nikuulize jambo. Fundi yeyote wa ujenzi ukimwambia atoe bamba lililojengewa ukutani, atachukua tindo na nyundo, atavunja tofali pande zote mbili na kulitupa nje. Hatalivuta. Duniani ni watu watatu tu wanaosikia "toa ulimi" wakaelewa "vuta mpaka mwisho," kwa sababu hivyo ndivyo Mama alivyokuwa akitupigia kelele kila akiwasha moto, nasi tukikimbilia nani avute. Mama hapandi paa. Mimi siko huko.

Mkasi kwenye uzi. Lastiki. Pindo lisiachwe fupi. Nilisoma nikacheka kama mjinga.

Kosa la neno ni langu. Neno la nyumbani nililiandika kwenye kazi ya ujenzi. Lakini wewe ulipanda paa lile mara ngapi?

Sasa yangu. Desemba nilianguka. Ngazi ilikuwa nzuri, vigae vilikuwa na umande na jua lilikuwa limeshatoka. Mkono wa kulia ulivunjika mahali pengi. Umeunga, lakini vidole vitatu havifungi, na nikisimama juu ya kiti tu dunia inazunguka. Kazi ya paa imekwisha kwangu. Wamenipa nafasi stoo, nagawa misumari na glavu, nakula nimekaa. Hii kalamu naishika kwa kushoto.

Sikusema kwa sababu uliniita nije kufanya kazi. Ningekuja kufanya nini? Kukaa sebuleni na kutazama meko mnayong'ang'ana nayo? Ningeona aibu mbele ya Mama, na mbele yako zaidi. Ndiyo hivyo.

Ukitaka kujua, sehemu mbovu ya bomba iko chini. Mliyobakisha juu inatosha: bamba likibomolewa, kipande kilichopasuka kinakatwa na bomba linashushwa. Nimeshika kalamu nisiandike hayo, nimeyaandika. Lakini naogopa, dada yangu. Maisha yangu yote sijaogopa paa, sasa naliogopa hilo ambalo silioni. Usipande. Mwache Mama aende kwenye joto. Nyumba ni mawe tu.

Kaka yako

*

12 Juni

Dada yangu,

Sijapata neno. Labda posta, labda hasira, vyote naweza kuvielewa. Nimemuuliza dereva wa basi, anasema alipita kwenu lakini hakuona mtu nje, ila ngazi imesimamishwa ukutani.

Ngazi inafanya nini ukutani?

Niandikie mstari mmoja. Ukinitukana pia ni sawa.

Kaka yako

*

28 Juni

Kaka,

Mimi ni mzima, miguu yote miwili iko chini. Mama ni mzima. Pole kwa kukuweka roho juu. Barua yako nilipoisoma nililia, nikakasirika, nikalia tena, halafu kila nikishika kalamu niliiona ile yako ya kushoto ikihangaika nikashindwa. Hiyo ndiyo posta iliyochelewa.

Kuhusu fundi, sikukudanganya. Nilisema fundi, na mimi ni fundi tangu nilipokatwa kidole cha kwanza na mkasi, kibao kiko mlangoni. Uliposikia fundi ukaona mwanaume mwenye mwiko, hilo ni lako. Nilificha, hilo ni kweli. Uliponiambia nitafute mtu nilizunguka mji mzima. Mmoja alitaka kuvunja dohani yote, mwingine hakurudi. Ningekuandikia hivyo ungesema basi, Mama ahame.

Ngazi ilikuwa ya fundi bati, anayerekebisha paa la shule. Huyu ana masharubu, ukitaka nitamwambia akuandikie. Juu alipanda yeye, ngazi imefungwa, mchana umande umekauka. Mimi nilibaki chini ndani ya meko na tindo. Ulimi ule uliingizwa ukutani na mtu aliyekusudia uishi kuliko sisi. Ulitoka siku ya pili, mzito, umeliwa na kutu, na nyuma yake shimo ambalo kichwa changu kilipita. Nilitazama juu nikaona mbingu ndogo ya duara, na masharubu. Tukakata kipande kilichopasuka, tukashusha pindo. Limekaa. Nilipitisha mkono pande zote, halijabanwa popote.

Daktari alikuja mwenyewe. Alileta chombo cha kupimia ile hewa, akakiweka juu ya kiti cha Mama, akakaa nasi tangu asubuhi mpaka saa ya chakula akitazama moto. Hakikulia. Amekubali abaki.

Mama Mdogo naye alifika kama alivyopanga, na sanduku tupu la kumwekea Mama nguo. Ni wiki ya pili hajaondoka. Amekaa mbele ya jiko, analilalamikia kwamba ni la moto mno, na kila akisogea nyuma Mama anamwambia nafasi hiyo ni ya watu wa nyumbani. Jana waligombania mto. Mama hajakohoa kwa namna ya kutisha tangu tuwashe.

Nilimwambia habari ya mkono wako. Nilijiandaa kwa maji na kiti. Akasema alijua tangu Machi. Mwandiko ule, alisema, ni wako wa darasa la kwanza. Ulianza kuandika kwa kushoto, na yeye ndiye aliyekuwa akikupiga kwa kijiko cha mbao mpaka ukahamia kulia. Kisha akasema, "Nilikuwa nangoja aseme mwenyewe. Niliogopa nikiuliza ataacha hata kuandika." Halafu akalia, Kaka, jambo ambalo sijaliona tangu tumzike Baba. Hakulia kwa ajili ya mkono. Alisema amelala miezi yote hii akijua mwanawe anaumwa, na mwanawe anamwandikia habari za matofali.

Sasa mimi. Nilikuita uje kufanya kazi, nikakasirika hukuja kufanya kazi, na wewe ukaona aibu kwa sababu huwezi kazi. Tumeandikiana tangu Februari kama mwenye nyumba na kampuni. Dohani imekwisha. Humu ndani hakuna kinachovuja, hakuna kinachongoja kurekebishwa, na kikiharibika mafundi tupo. Sina kazi yoyote ya kukuitia.

Njoo.

Dada yako